Muulize Daktari wa Mifugo: Sindano ya pili imemlaza Bisi, je, tuache?

SWALI

Shikamoo daktari. Nakuandikia kutoka Katubuka, hapahapa Kigoma mjini. Tuna mbwa mdogo jike, mweupe, mwenye manyoya ya kujisokota, watoto wakampa jina la Bisi. Tuliachiwa na mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi na shirika la wakimbizi, mkataba wake ulipokwisha akaondoka. Ana kilo kama 6 na umri wake haupungui miaka minne.

Masika yalipoisha alianza kudondosha damu nyuma. Tukasema ni joto la kutaka dume, litapita. Halikupita. Akawa anajilamba mchana kutwa na tambara lake la kulalia halikaukiwi madoa. Siku moja kijana wangu alimwinua mkia, akaona kinyama chekundu kimechomoza. Tulimwita daktari wa mifugo, akagusisha kipande cha kioo kwenye kile kinyama, akaenda kukitazama kwa hadubini. Alirudi na jibu kwamba ni saratani ambayo mbwa huambukizana wakipandana, na kwamba inatibika kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki. Dawa inaagizwa Mwanza, inakuja kwenye kiboksi chenye barafu.

Sindano ya kwanza haikuwa na neno. Ya pili alichomwa Jumamosi iliyopita, na keshoye akatapika mara mbili, akagoma kula mpaka Jumatatu jioni, amejikunyata tu chini ya kabati la vyombo. Sasa anakula kidogo kidogo. Damu imekata, na kinyama kimepungua hadi kulingana na punje ya harage.

Mume wangu anasema kama kimekwisha, sindano za nini tena, tunamtesa mnyama na pesa inakwenda. Jirani amewakataza wanawe kuja kwetu, eti saratani inaambukiza. Binti yangu ana mimba ya miezi mitano na ndiye anayefagia uani. Manyoya ya usoni nayo yameanza kunyonyoka. Wifi yangu ananishauri nimpe diklofenaki ili maumivu yatulie apate kula. Nishike lipi?

Mama Bisi, Katubuka

JIBU

Marahaba, Mama Bisi. Kwa baba wa nyumba jibu langu ni fupi: msiache.

Saratani si ugonjwa mmoja. Mtu akikwambia "mbwa ana saratani, basi tena", muulize saratani gani. Hii ya Bisi ndiyo ambayo mimi, kama ningelazimishwa kumchagulia mbwa wangu, ningeichukua bila kusita. Kwa vinkristini peke yake, bila kisu, zaidi ya mbwa tisa katika kila kumi hupona kabisa. Kwa kawaida tiba huchukua sindano 4 hadi 8. Bisi amepata mbili tu na tayari damu imekata, maana yake dawa imemkubali. Lakini kilichobaki, hata kama ni punje ya harage, bado kiko hai. Ukikiacha sasa kinaweza kuota tena, na huenda safari ya pili dawa isikishike kama ilivyokishika mara hii. Sindano zinakoma siku daktari wako atakapovaa glavu, akapapasa ndani kote na asikute kitu, si siku mnapoona kwa macho kwamba nje kumesafika. Hiyo pesa anayoiona baba inakwenda, itapotea kwelikweli mkiishia njiani.

Sasa jirani. Kuna kitu amesikia, ila amekiweka pasipo mahali pake. Saratani za kawaida haziambukizi. Hii ya Bisi ni ajabu katika maradhi yote niliyosoma: hakuna kirusi wala bakteria, bali chembe za saratani zenyewe ndizo zinazohama kutoka mbwa mmoja kwenda kwa mwingine, kwa kupandana, kunusana na kulambana, zikafika zikashika na kuota. Uvimbe alio nao Bisi haukutokana na mwili wake. Ni mwendelezo wa uvimbe wa mbwa mmoja aliyekufa maelfu ya miaka iliyopita, ambao umekuwa ukirithishwa kutoka mbwa hadi mbwa mpaka umefika Katubuka. Mwaka 1876 daktari wa mifugo Mrusi, Mstislav Novinsky, alichukua kipande cha uvimbe wa namna hii akakipandikiza kwa mbwa mzima, kikaota. Saratani nyingine za kuhama hivi zinazojulikana ni chache mno: za mnyama mmoja wa kisiwa cha Tasmania, na za baadhi ya chaza na kome wa baharini. Kwa binadamu haiji. Kwa paka, kwa mbuzi, kwa kuku wa jirani, haiji. Mwambie jirani awaachie watoto waje, ila mbwa wake amfungie.

Na hapo kwenye mbwa wa jirani tusipapite haraka. Yaelekea Bisi aliipata kwa dume fulani, na huenda dume huyo bado anazunguka mtaani. Kwa madume kinyama hujificha ndani ya ngozi ya uume, kwenye shina, huwezi kukiona mpaka ngozi irudishwe nyuma. Mara nyingi utakachoona ni matone ya damu tu na kujilamba kusikokwisha. Kama unawajua wenye mbwa hapo mtaani, waambie wawaangalie. Bisi mwenyewe asitoke nje ya ua bila kamba mpaka tiba iishe, na ikiisha mzungumze na daktari habari ya kumfunga kizazi.

Turudi kwenye kutapika. Vinkristini hupiga chembe zinazogawanyika haraka. Saratani ni hizo, lakini utumbo nao una chembe za namna hiyo, na uboho unaotengeneza damu pia. Kwa hiyo tumbo kuchafuka siku moja hadi nne baada ya sindano ni jambo linalotokea. Hata hivyo halitakiwi kuachwa liendelee. Kwa mbwa hatutibu saratani kama inavyotibiwa kwa watu, ambako mgonjwa huvumilishwa dozi kali kwa matumaini ya kuishi miaka mingi. Mbwa haelewi kuvumilia. Dozi yake hupangwa ili wiki yake iwe ya kawaida, na ikiwa si ya kawaida daktari anapaswa kuambiwa ili aipunguze au aongeze kinga ya kutapika. Je, ulimwambia? Wengi hunyamaza wakidhani ndivyo dawa inavyofanya kazi. Mpigie kabla ya Jumamosi, mwambie saa aliyotapika, alitapika nini, na alikaa muda gani bila kula. Muulize kuhusu metoklopramidi au maropitanti, apewe kabla tumbo halijachafuka.

Umbo la Bisi lina maana kubwa hapa. Dozi za dawa hizi mara nyingi huhesabiwa kwa eneo la ngozi ya mwili, na mbwa mdogo ana ngozi nyingi kwa kila kilo kuliko mbwa mkubwa, hivyo akihesabiwa hivyo anaweza kupata dawa nyingi kupita kiasi. Ndiyo maana mbwa wadogo wengi tunawahesabia kwa kilo. Sasa ukisema "kilo kama 6", hiyo "kama" inanitia wasiwasi. Kama aliingia na 6 na sasa ana 5.2 kwa kukosa kula, dozi ya wiki iliyopita si dozi ya wiki hii. Apimwe kila kabla ya sindano. Huhitaji mashine. Nenda na kikapu chenye mishikio kwa mmoja wa wale mama wanaouza dagaa kwa mizani ya kuning'iniza, pima kikapu kitupu, kisha mweke Bisi ndani na kanga chini yake asione mapengo, umshike kifua asiruke, subiri mshale utulie. Mama wa dagaa atacheka, mwache acheke. Andika namba kwenye daftari, upande wa pili andika alichokula na choo alichopata.

Choo nakitaja makusudi. Dawa hii hulegeza utumbo, na mbwa wengine hufunga choo badala ya kuharisha. Siku mbili bila choo huku tumbo limekaza ni jambo la kupiga simu. Boga lililochemshwa na kupondwa, kijiko kimoja au viwili kwenye chakula, humsaidia. Miguu ya nyuma ikilegea, akawa anajikwaa kwenye kizingiti alichozoea kukiruka, sema pia, kwa sababu dawa hugusa mishipa ya fahamu.

Chakula. Kigoma hatuna sababu ya kuhangaika na makopo. Dagaa wetu ni chakula kizuri kwa mgonjwa wa namna hii, ila dagaa waliokaushwa chini huja na mchanga, na mchanga kwenye utumbo uliolegea ni balaa. Walowekwe kwenye maji ya uvuguvugu, uwakoroge kwa mkono, umwage, urudie mpaka usisikie chembe chini ya sufuria. Kisha wachemshwe hadi walainike na uwapondeponde kwenye ugali laini au wali. Usitie chumvi wala kitunguu, na mawese usitie kabisa. Najua, kwetu chakula bila mawese si chakula, lakini mafuta mengi kwa mbwa mdogo mwenye tumbo lililochafuka yanaweza kumletea ugonjwa wa kongosho, na huo hauna mzaha. Mpe kikiwa vuguvugu ili kinukie. Mpe kidogo mara nne kwa siku. Akigeuza uso, ondoa sahani, usimbembeleze nayo puani, maana mbwa akishaunganisha chakula fulani na kichefuchefu atakikataa hata akipona. Kwa sababu hiyohiyo kile anachokipenda kuliko vyote, iwe maini au yai, usimpe siku ya sindano wala keshoye. Kiweke kwa siku ya tatu. Vichwa vya migebuka na utumbo mbichi wa samaki, hapana kwa kipindi chote hiki.

Nimesema "mbichi hapana" kwa sababu ya uboho. Kati ya siku ya 4 na ya 7 baada ya sindano chembe nyeupe za damu hushuka kuliko siku nyingine zote. Kwa Bisi anayechomwa Jumamosi, hizo ni Jumatano hadi kuelekea Jumamosi nyingine, siku ambazo nyumba nzima imeshatulia na kusema amepona. Hapo ndipo kidudu kidogo tu cha jalalani kinaweza kumwangusha. Nunua kipimajoto cha namba duka la dawa na kiandike jina lake kwa kalamu isiyofutika, nisije nikapata barua nyingine ya mtoto aliyekiweka mdomoni. Kipake vaselini, kiingie sentimita moja na nusu hivi kwenye njia ya haja kubwa, taratibu, ukiepuka upande wenye kidonda. Joto la kawaida la mbwa ni 38 hadi 39.2. Likifika 39.5 siku hizo, usingoje asubuhi, mpigie daktari. Vivyo hivyo akikaa siku nzima bila kula, akitapika zaidi ya mara tatu, au ufizi ukipauka. Mbwa wa kilo 6 hana akiba ya maji wala ya nguvu. Anaishiwa wakati mbwa mkubwa bado anasimama. Na kabla ya kila sindano hesabu ya damu ifanywe ikiwezekana. Chembe nyeupe zikiwa chini sana sindano husogezwa mbele siku kadhaa, na kusogezwa huko hakuharibu tiba.

Kuhusu kupe, nina ombi. Kupe wa mbwa hapa kwetu hubeba maradhi ya damu yanayompauza mbwa na kumtoa damu puani, na yakimkuta mbwa aliye kwenye tiba hii hatujui tumlaumu nani, dawa au kupe. Mkague kila jioni, masikioni, kwapani, katikati ya vidole. Mng'oe kupe kwa kibano. Lakini msimpeleke kwa yule kijana wa sindano za ng'ombe. Aivamektini ya ng'ombe kwa dozi ya kukisia ni sumu kwa mbwa mdogo hata akiwa mzima, na kwa aliye kwenye vinkristini hatari inazidi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ibaki kwa ng'ombe.

Diklofenaki ya wifi, hapana. Ibuprofeni hapana, panadoli hapana. Hizi zinatoboa tumbo la mbwa au kuharibu figo na ini lake, na mbwa wa kilo 6 anaweza kufa kwa kidonge ambacho wewe unakimeza ukaenda sokoni. Aliyekosa hamu ya kula kwa kichefuchefu hatibiwi kwa dawa ya maumivu. Mshukuru wifi, kidonge kirudi kabatini.

Kuna jambo ambalo hukuuliza. Vinkristini lazima yote iingie ndani ya mshipa. Tone likivuja nje ya mshipa huunguza nyama, na jeraha linaweza kujitokeza siku kadhaa baadaye. Mshipa wa mbwa wa kilo 6 ni uzi. Kwa hiyo siku ya sindano wewe kazi yako ni kumshika asitikisike, na daktari aweke kanula, yaani kimrija chembamba kinachobaki ndani ya mshipa, ajaribishe kwa maji ya chumvi kwanza, kisha dawa. Daktari akifanya haraka haraka, mwombe apunguze. Hiyo ni haki yako. Ukiona siku zinazofuata analamba mguu uleule, umevimba au umekuwa mwekundu, piga simu saa hiyohiyo, na wakati unasubiri weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Usiweke barafu. Kwa dawa hii barafu huzidisha madhara.

Binti yako. Huyu asiguse kinyesi, mkojo wala matapishi ya Bisi kipindi chote cha tiba, na asiwepo wakati dawa inavutwa kwenye bomba. Dawa hutoka zaidi kwa kinyesi, na mabaki yake hayafai kwa mimba. Kazi ya uani apewe kijana. Naye avae glavu, siku 3 za kwanza hasa, aokote kinyesi kikiwa bado kibichi kwa karatasi au mfuko, kiende chooni, pahali paoshwe kwa sabuni na maji mengi. Kisifagiliwe kikiwa kikavu, kwa sababu vumbi lake linavutwa puani. Tambara la kulalia lifuliwe peke yake.

Manyoya yasikutishe. Mbwa wengi hawanyonyoki kwa dawa hizi, lakini wale ambao manyoya yao hukua bila kikomo kama Bisi, wanaohitaji kukatwa kila mara, wao hunyonyoka, na sharubu pia. Yataota. Yanaweza kuota na rangi tofauti kidogo.

La mwisho kwako, maana nawajua watu wa Kigoma kwa majani. Vinkristini asili yake ni ua la Bukini, yaani Madagaska, lile dogo la petali tano, la waridi au jeupe, linalojiotea uani na hata makaburini bila kumwagiliwa. Dawa hiyohiyo hutibu watoto wenye saratani ya damu. Mtu akikuonyesha ua hilo akakwambia "si ndilo hilo, chemsha tu majani yake", mkatalie. Ndani ya jani kuna mchanganyiko wa sumu nyingi na kiasi kisichopimika, na panapotafutwa dozi ya sehemu ndogo ya miligramu hapahitajiki sufuria.

SWALI

Assalaam alaykum daktari. Na sisi tunaye mbwa mdogo, analinda kuku na mlango, analala uani, haingii ndani. Ameanza sindano za saratani. Mke wangu anauliza kama mate yake sasa yana sumu, na kama chombo chake cha maji kioshwe vipi. Tuna watoto wadogo.

Baba Watoto, Ujiji

JIBU

Waalaykum salaam. La udhu na la kuosha mara saba mpelekee shehe wako, mimi nakujibu habari ya dawa tu. Kumshika mgongo na kumpapasa hakuna neno. Kwenye mate dawa ni kidogo sana kulinganisha na kinyesi na mkojo, lakini siku 3 za kwanza baada ya sindano asilambe watoto uso wala mikono, na anayemhudumia anawe kwa sabuni. Chombo chake kiwe chake peke yake na kioshwe mbali na vyombo vyenu. Banda alilokojolea limwagiwe maji ya sabuni, mvae glavu, na kuku wasidonoe pahali hapo kabla hapajaoshwa. Mengine soma jibu la Mama Bisi hapo juu, hasa habari ya kupe.

SWALI

Daktari, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Isevya, Tabora. Nina mbwa mdogo dume wa miaka kumi, alikuwa wa marehemu mke wangu. Mwezi uliopita nilimkuta na mavimbe chini ya taya, mbele ya mabega na nyuma ya magoti, magumu, hayamuumi. Daktari alitoa maji kwa sindano, yakapimwa, majibu ni saratani ya matezi. Anasema kuna tiba ya dawa kadhaa kwa miezi, na kwamba nijaribu hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Au nimpe vidonge vya prednisoloni hapahapa. Mbwa anakula, na jioni bado tunatembea hadi kwenye miembe ya barabarani, yeye mbele. Wanangu wananiambia nisipande treni kwa ajili ya mbwa. Unasemaje?

Mwalimu, Isevya

JIBU

Shikamoo mwalimu. Nimesema juu kwamba tuulize saratani gani, na kwako jibu linabadilika. Saratani ya matezi kwa mbwa, kwa walio wengi, haiponi. Huzimwa kwa muda kisha hurudi. Bila tiba yoyote mbwa wengi huishi wiki 4 hadi 6 tangu kugunduliwa. Kwa prednisoloni peke yake, mwezi mmoja hadi miwili, na sehemu kubwa ya siku hizo huwa nzuri: mavimbe hunywea, hamu ya kula inarudi. Kwa tiba kamili ya dawa nne, yaani vinkristini, saiklofosfamaidi, doksorubisini na hiyo prednisoloni, wengi hufika karibu mwaka, wengine zaidi. Tiba hiyo huchukua miezi minne hadi sita, na mwanzoni sindano ni karibu kila wiki, na damu hupimwa kila mara.

Kwa hiyo swali lako kwa kweli si la treni moja. Ni la kuhamia Morogoro, au kwenda na kurudi kwa Reli ya Kati na mbwa wa miaka kumi ambaye chembe nyeupe zake zimeshuka. Kama una ndugu Morogoro wa kukupokea kwa miezi hiyo na pensheni inaruhusu, nenda bila kumwomba mtu radhi, wanao nao watazoea. Piga simu kwanza uulize kama dawa zote zinapatikana wakati huu. Na kama unaelekea huko, usianze prednisoloni kabla hawajamwona, isipokuwa daktari wako aone anashindwa kupumua au kumeza. Ikitangulia peke yake huifanya saratani kuwa ngumu kwa zile dawa nyingine.

Kama huna pa kufikia Morogoro, mimi ningebaki Isevya. Nasema hivyo nikimfikiria mbwa mwenyewe: tumbo lake, mlango wake, miembe yake. Mpe kidonge asubuhi pamoja na chakula, kwa kiasi alichoandika daktari, na usikikatishe ghafla hata siku moja. Atakunywa maji kupita kawaida na kukojoa sana, kwa hiyo ndoo isikauke na usiku umfungulie mlango. Akikojoa ndani usimkemee, hana uwezo wa kuzuia. Atakuwa na njaa ya kuiba. Usimchanganyie na diklofenaki wala asprini, tumbo litatoboka. Mavimbe yakinywea wiki ya kwanza, furahi, lakini usidanganyike kuacha vidonge.

Mavimbe yatarudi. Yakianza kumbana koo, au akalala siku nzima bila kuinua kichwa kwa jina lake, au jioni ifike aitazame barabara asiinuke, basi ni wakati wa sindano ya mwisho, ile ya kumlaza asiamke. Ongea na daktari wako wiki hii, wakati mbwa bado anatangulia kwenye matembezi: muulize kama dawa hiyo anayo, kama atakuja nyumbani, na bei yake. Ukingoja mpaka siku yenyewe itakuangukia usiku au sikukuu, simu haipokelewi, na utaletewa majirani wenye ushauri wa kamba na sumu ya panya.